Babu Mmoja, Wajukuu Arobaini

Mgeni aliingia bila kubisha hodi, akasimama katikati ya chumba cha kupigia pasi kana kwamba ametumwa kukikomboa. Alivaa miwani myeusi, fulana iliyobana kitambi, na viatu vizito vilivyofungwa kamba hadi karibu na magoti. Kwapani alibana kifurushi cha gazeti. Alikitua mezani, juu ya shuka la mteja lililokuwa limenyooka nusu, akakifungua kwa uangalifu wa mtu anayemfunua mtoto mchanga.

Ndani mlikuwa na gwanda la jeshi.

"Nataka mstari wa mkono," alisema, "ambao mtu akiugusa anatoka damu."

"Shikamoo," alisema binti aliyeshika pasi.

"Marahaba. Damu, umenielewa?"

Binti alielewa. Mtaani walimwita Jenerali, na wala si kwa heshima. Jina hilo alilitunga mama yake miaka mitano nyuma, siku binti alipotangaza wakati wa chakula kwamba anataka kuwa askari, na tangu hapo lilitumika kila palipokuwa na kazi. Jenerali, makaa ya jikoni yamezima. Jenerali, ndoo haijiinui yenyewe. Jenerali, mashuka ya nyumba ya wageni yanakusubiri uyakague. Mara tatu alikwenda kwenye usaili wa jeshi na mara tatu akarudi kufua. Sasa alikuwa na miaka ishirini na minne, na tangazo lililobandikwa kwenye ukuta wa posta lilisema bila kumung'unya maneno kwamba aliyefikisha ishirini na mitano asijisumbue. Alibakiwa na nafasi moja. Baada ya hapo nchi ingelazimika kujilinda bila yeye.

Mgeni alivua miwani. Macho yake yalipanda ukutani yakakutana na picha: kijana mwembamba mwenye gwanda la zamani, kidevu juu, kofia imekaa upande. Mgeni alibana visigino na kupiga saluti.

"Nani huyu shujaa?"

"Baba yangu," Mama alijibu kutoka uani, mikono ikiwa ndani ya povu. Alikuwa amesubiri mtu wa kumuuliza swali hilo tangu wiki iliyopita. "Alipigana, ndugu yangu! Risasi ilimpata gotini, na bendera hakuiangusha. Aliishika mpaka wenzake wakafika."

Chini ya picha hiyo, penye mwanga wa dirisha, alikaa shujaa mwenyewe, mzee wa miaka themanini na kitu, na kioo cha fundi saa kimembana jicho la kulia. Alikuwa anakaza skrubu ndogo kuliko mbegu ya nyanya. Hakuinua kichwa.

"Bendera," mgeni alinong'ona, akatoa kijitabu mfukoni na kuandika. "Gotini, umesema?"

"Gotini! Hadi leo anachechemea."

"Saa yako imesimama," alisema Babu.

"Unasemaje, mzee?"

"Hiyo ya mkononi. Inasema saa nane na robo. Sasa hivi ni saa tatu asubuhi. Ilete niitazame."

Mgeni alificha mkono nyuma ya mgongo. "Hii ni saa ya kijeshi, mzee."

"Ahaa," alisema Babu, akarudi kwenye skrubu yake.

Hivyo ndivyo Kamanda alivyoingia katika maisha ya mtaa. Jina alijipa mwenyewe, cheo vilevile. Alieleza kwamba ni askari mstaafu aliyeona vijana wengi wakikataliwa jeshini kwa kukosa maandalizi, na moyo wake ukashindwa kuvumilia. Usaili ulikuwa wiki tatu mbele. Kila alfajiri, kwenye uwanja ulioachwa nyuma ya ghala la mbao, angewaandaa vijana kwa mbinu ambazo makambini hazifundishwi. Hapo alisema kweli tupu. Jenerali angesoma bure, mradi gwanda lipigwe pasi kila siku.

Mchana huo Jenerali alilishika gwanda lile kwa mara ya kwanza, akageuza kola. Madobi wote hufanya hivyo. Kila dobi hushona alama yake ndogo kwa ndani ili nguo za watu zisichanganyike. Ya nyumba yao ilikuwa misalaba miwili ya uzi mwekundu. Ndani ya kola ya Kamanda alikuta nukta ya kijani, mistari mitatu ya buluu, herufi moja ya njano, duara jeusi, na nyingine mbili zilizochakaa. Alama sita. Kifuani, mahali pa jina, palikuwa na vitundu vya sindano tu.

Jenerali hakuwa mjinga. Alijua kwamba askari hufua nguo zake mwenyewe, na kwamba gwanda lililopita kwa madobi sita wa miji sita ni gwanda lisilo na kambi. Aliyajua yote hayo, akatunga uzi mwekundu kwenye sindano na kushona alama ya saba. Mtu aliyebakiwa na nafasi moja hafanyi upelelezi.

Tena alikuwa na sababu yake, ambayo hakuwahi kumwambia mtu kwa kuogopa kuchekwa. Alipokuwa na miaka sita mafuriko yaliingia mtaani hadi madirishani. Askari walikuja na kamba na mbao, wakajenga daraja kabla jua halijazama. Mmoja wao alikuwa mwanamke. Alimbeba mgongoni, maji yakiwa kifuani, akamvua woga kwa kumpa kazi: "Nishikie kofia yangu, isilowe." Jenerali aliishika juu ya kichwa chake kwa mikono miwili mpaka ng'ambo. Kofia haikulowa. Miaka kumi na minane baadaye, huo ndio ulikuwa utumishi wake wote wa jeshi.

*

Vijana arobaini walijiandikisha. Wa kwanza alikuwa Kinyozi, kijana mwembamba kama mpini wa fagio, aliyewanyoa wenzake wote vipara siku ya kwanza kwa amri ya Kamanda, kisha akakosa wa kumnyoa yeye na kubaki na kichwa cha mistari.

Mafunzo yalikuwa makali. Walitambaa kwenye matope ambayo Kamanda mwenyewe aliyatengeneza kwa ndoo. Walifundishwa kupaza sauti. Walifundishwa kula kwa dakika tatu, na kwa kuwa hapakuwa na chakula walitafuna hewa. Walifundishwa kukunja uso, somo lililochukua siku mbili nzima.

"Adui akiona uso huo," Kamanda alimwambia Kinyozi, "ataomba radhi."

"Kamanda, ndio uso wangu wa kawaida."

"Pushapu ishirini!"

Mbio walipimwa kwa saa ya kijeshi, ile iliyosimama. Matokeo yalitia moyo sana. Kila mtu alivunja rekodi, na Kinyozi siku moja alizunguka uwanja mara kumi kwa muda usiozidi sifuri.

Yale yaliyoandikwa kwenye tangazo la posta Kamanda hakuyagusa. Tangazo lilitaka cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, meno mazima, moyo mzima na kilomita nane. "Hayo ni mambo ya makarani," alisema.

Mambo ya makarani Jenerali aliyafanya nyumbani, na mwalimu wake alikuwa Babu. Babu alimwonyesha namna ya kufunga kamba za viatu ili zisimbane akikimbia, akamwambia akate kucha za vidole vya miguu siku tatu kabla, wala si siku ile. Alimwambia anywe maji kidogo kidogo na alale mapema. Jioni alimshikia saa, ya kutembea hii, akisimama mlangoni na mguu wake mbovu huku mjukuu akikimbia hadi kwenye mtaro wa barabara kuu na kurudi.

"Umechelewa sekunde kumi na moja kuliko jana."

"Kamanda anasema nina kasi ya duma."

"Duma wa Kamanda amekufa saa nane na robo. Rudia."

Mama aliwatazama wote wawili akiwa na kapu la nguo kiunoni. "Na ukichukuliwa, unaijua kazi yenyewe? Unajua kwamba watu wanakufa kule? Au unadhani ni kuvaa na kupigwa picha?"

"Mama, na wewe si ndiye unayemsifu Babu kila siku?"

"Babu yako alirudi," alisema Mama, akaondoka na kapu lake.

Wiki ya tatu Kamanda alianza kumwita kila mwanafunzi faragha, nyuma ya rundo la mbao. Jenerali alipoitwa, alikuta uso wa Kamanda umekuwa mzito kama wa mtu anayetaka kurithisha mali.

"Usaili haushindwi kwa miguu," alisema. "Unashindwa kwa mdomo. Watakuuliza kwa nini unataka kuwa askari. Hapo ndipo watu wanapoporomoka. Sasa shika maneno haya. *Babu yangu alianguka vitani akiwa ameshika bendera. Kwa pumzi yake ya mwisho alisema, mjukuu wangu ataipokea. Afande, nimekuja kuipokea.* Hapo unanyamaza. Ukiweza, chozi moja. Mawili yanazidi."

"Lakini Kamanda, babu yangu yuko hai. Umemwona."

"Hai ni neno pana."

"Alikusemesha kuhusu saa."

"Binti, hii nakupa wewe peke yako. Nimeitunga kwa ajili yako. Apa kwamba hutamwambia mtu."

Jenerali aliapa. Wengine thelathini na tisa nao waliapa, kila mmoja kwa zamu yake, kila mmoja akiamini kuwa amepewa johari. Na kwa mara ya kwanza tangu mtaa ule ujengwe, mtaa ambao mtu akipiga chafya mwanzoni anaulizwa hali na watu wa mwishoni, siri ilitunzwa.

*

Alasiri moja Mama alikwenda kupeleka mashuka nyumba ya wageni. Jenerali alikuwa anapiga pasi suruali za karani wa benki, akijizoeza kwa sauti.

"Babu yangu alianguka vitani akiwa ameshika bendera. Kwa pumzi yake ya mwisho..."

"Nimekufa lini?" aliuliza Babu.

Jenerali aliruka nusura aunguze goti la karani. "Babu! Ni ya usaili tu."

"Sikatai. Nataka kujua tarehe."

Jenerali alicheka. Babu hakucheka. Alitoa kile kioo jichoni, akakiweka ndani ya kifuniko cha chupa pamoja na skrubu zake, akageuza kiti. Ilikuwa nadra sana kumwona na macho yote mawili.

"Zima pasi," alisema. "Nilikaa jeshini miezi tisa. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza saa za maofisa. Bunduki niliishika siku ya kupigwa ile picha. Mwezi wa kumi tukapakiwa kwenye lori, tunapelekwa mbele. Watu wanaimba. Na mimi naimba, tena kwa nguvu. Tukafika mahali penye kona, lori likapunguza mwendo. Nikamwambia mwenzangu wa pembeni, nishikie kofia nifunge kamba ya kiatu. Akashika. Nikaruka."

Jenerali alisimama na pasi iliyozimwa mkononi.

"Na goti?"

"Jiwe. Risasi wameipiga majirani."

"Babu..."

"Nilitembea siku nne. Nafika nyumbani, mtu aliyeniona njiani amenitangulia, na mama yangu alishawatangazia majirani kwamba narudi nimeshinda. Watu wananibeba juu, goti limevimba kama boga, wanauliza nini hiki, na kabla sijafungua mdomo mtu ameshajibu. Ningesema nini?"

"Ungesema baadaye."

"Baadaye ilipita upesi." Alisugua goti. "Na bendera ilikuja mama yako alipoanza shule. Sijui aliitoa wapi. Alikuwa mdogo, anafurahi. Nikaiacha."

"Na yule aliyekushikia kofia?"

Babu alimtaja. Jina lake, la baba yake, na la ukoo, polepole, kama mtu anayepanga vipande vya saa juu ya kitambaa asikose kimoja. Alikuwa na mwanya mpana, akipiga mluzi mkali kuliko filimbi. Alikuwa hajaoa. Lori lile halikurudi na mtu hata mmoja, na ndugu zake wote walishakwisha.

"Mimi nimetajwa miaka sitini," alisema Babu. "Yeye hajatajwa hata mara moja. Sasa sikiliza. Hapa mtaani waache waseme. Lakini kule, mbele ya watu waliovaa nguo ile, wakikuuliza habari zangu, usiniue wala usinipe bendera. Sema nilichofanya. Kisha mtaje yeye. Basi."

"Babu, nani atakayeniuliza habari zako?"

"Hakuna. Ndiyo maana ni ahadi nyepesi."

Alisema hivyo kwa utani, lakini mkono wake aliunyoosha. Jenerali akaushika.

"Naahidi."

Akawasha pasi. Usiku ule na siku zilizofuata aliamua kwamba akiulizwa kwa nini anataka kuwa askari atasimulia daraja na kofia, na wacheke wakitaka. Habari za babu hazingetokea kabisa. Ahadi ingekaa salama, haijavunjwa wala haijatumika, kama sahani za wageni.

*

Siku ya usaili Kamanda hakuonekana. Mwenye nyumba aliyempangisha alisema aliondoka jana yake na begi moja, amepata wito wa dharura wa taifa. Gwanda aliondoka nalo, likiwa na alama saba na mstari wa mkono wa kutoa damu.

Usaili ulifanyika kwenye shule. Waliofika walikuwa zaidi ya mia tatu. Kabla jua halijachomoza vizuri, makarani aliowadharau Kamanda walikuwa wameshawarudisha nyumbani watu mia moja kwa kukosa vyeti. Kilomita nane ziliwaondoa wengine mia. Huko Kinyozi aligundua kwamba dunia ina saa zinazotembea, ila alijikokota akamaliza wa mwisho kati ya waliopita. Jenerali alimaliza wa nne kati ya wasichana wote. Daktari alimfungua mdomo, akamgonga magoti, akamsikiliza moyo, akaandika neno moja: *safi*. Katika zile mara tatu zilizopita alikuwa hajawahi kufika hapo.

Kilichobaki ni mahojiano.

Yalifanyika darasani, mlango wazi kwa sababu ya joto, na waliosubiri walikaa kwenye mabenchi barazani wakisikia kila neno. Mezani walikuwa wawili: meja, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kusomea, na kapteni mwenye sharubu alizozitunza kama bustani. Mbele yao palikuwa na marundo mawili ya karatasi. La kulia lilikwenda kambini. La kushoto lilikwenda nyumbani.

Aliingia wa kwanza, kijana wa muuza mikaa.

"Kwa nini unataka kuwa askari?"

"Babu yangu alianguka vitani akiwa ameshika bendera!"

Barazani, migongo kadhaa ilinyooka kwa ghafla.

"Kwa pumzi yake ya mwisho alisema, mjukuu wangu ataipokea. Afande, nimekuja kuipokea!"

Meja aliguswa. Kapteni alikohoa. Karatasi ikaenda kulia.

Wa pili alikuwa msichana wa duka la dawa. Babu yake naye alianguka vitani, na bendera vilevile. Meja aliinua nyusi. Wa tatu aliongeza machozi mawili, moja zaidi ya kipimo. Wa nne alipofika kwenye pumzi ya mwisho, kapteni aliimalizia yeye. Wa tano aliingia, akafungua mdomo, na meja akamtangulia: "Bendera?"

"Ndiyo afande! Umejuaje?"

Karatasi ya kwanza ilihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto. Barazani watu walianza kutazamana kama ndugu wanaokutana msibani kwa mara ya kwanza na kugundua kwamba marehemu alikuwa na nyumba nyingi.

"Wewe pia?" Kinyozi alimnong'oneza aliyekaa mbele yake.

"Aliniambia ni yangu peke yangu!"

"Mbwa yule."

Kinyozi alipoitwa alijaribu kuokoa jahazi. Alisimama wima, akakunja uso wake wa kawaida.

"Afande, bibi yangu," alisema, "alianguka vitani akiwa ameshika bendera."

Kapteni alitoka nje kwa mlango wa nyuma, na kwa muda fulani mabega yake yalionekana dirishani yakitetemeka.

Alipoitwa Jenerali, rundo la kushoto lilikuwa limepanda hadi usawa wa chupa ya wino na muhuri. Meja alikuwa amevua miwani na anajisugua macho. Aliishikilia miwani mbele ya karatasi ya binti, akaisoma, akaisoma tena.

"Mbio vizuri. Afya vizuri. Vyeti vyote, vimepangwa. Nani alikuandaa?"

"Nyumbani, afande."

"Kwa nini unataka kuwa askari?"

Jenerali alisimulia mafuriko. Alisimulia daraja na yule askari mwanamke na kofia isiyolowa. Katikati aliona haya, akamaliza kwa haraka. Meja hakucheka. Aliegemea mbele kidogo, kama mtu aliyekaa kwenye moshi siku nzima na sasa mtu amefungua dirisha.

"Hatimaye," alimwambia kapteni. "Mtu asiye na babu." Alitabasamu, akashika karatasi na kuisogeza upande wa kulia, vidole vikiwa bado juu yake. "Maana wewe huna babu aliyekuwa jeshini, siyo? Sema huna, tumalize."

Lilikuwa swali la mzaha. Neno *sina* ni fupi, halina uzito, na meja mwenyewe alikuwa ameshalitafuna na kumwekea mdomoni. Jenerali aliitazama karatasi yake. Ilikuwa imelala kulia kabisa, mstari mmoja na chache nyingine zilizobahatika, na nje dereva wa lori la kambi alikuwa anafuta vioo. Aliulizwa. Babu alisema hakuna atakayeuliza, na tazama, mtu mwenye nyota mabegani alikuwa anamuuliza, tena akicheka.

"Ninaye, afande."

Tabasamu la meja lilidondoka. Barazani mtu alisema, "Aa, jamani."

"Alianguka vitani," alisema kapteni kwa uchovu, akinyanyua kalamu.

"Hapana, afande. Aliruka kutoka kwenye lori, linapelekwa vitani. Alitoroka. Yuko hai, anatengeneza saa. Kabla ya kuruka alimpa mwenzake kofia amshikie. Mwenzake hakurudi."

Akamtaja. Jina lake, la baba yake, na la ukoo.

Nje dereva aliacha kufuta vioo, au labda alikuwa amemaliza tu.

"Hilo hukuulizwa," alisema kapteni.

"Najua, afande. Niliahidi."

"Unajua maana ya mtoro kwenye ukoo? Unajua tunafanya upekuzi? Ungesema neno moja tu ukae kimya!"

"Ndiyo afande."

Meja alivaa miwani. Akavuta karatasi nyeupe.

"Rudia jina," alisema.

Jenerali alirudia. Meja aliandika, akauliza kama la ukoo lina herufi mbili mwishoni au moja, akasahihisha. Karatasi hiyo aliikunja na kuitia mfukoni mwa kifua. Halafu, bila kumtazama, aliichukua ile nyingine yenye mbio vizuri na afya vizuri, akaitoa kulia na kuiweka kushoto, juu ya wajukuu wote.

*

Alitembea hadi nyumbani. Kinyozi alimsindikiza hadi kwenye mtaro, akasema atamnyoa bure siku yoyote atakayotaka. Jenerali alimshukuru huku akizificha kwa viganja nywele zake za wiki tatu.

Mama alikuwa uani anaanika. Aliona uso wa binti yake, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitano jina la Jenerali halikutoka. Alirudi kwenye kamba yake na kubana vibanio viwili palipohitaji kimoja.

Babu alikuwa dirishani, kioo jichoni, na saa ya ukutani imefumuliwa mbele yake.

"Walikuuliza?"

"Waliuliza."

Mkono wenye koleo ndogo ulisimama hewani. "Ukamtaja?"

"Nikamtaja. Yote matatu. Meja akaandika."

Babu alikitoa kile kioo jichoni. Hakuuliza kulia wala kushoto. Viatu vya mjukuu wake vilikuwa vimesimama kwenye mlango wa nyumbani, vumbi hadi kamba, na hilo lilimtosha.

"Kwa penseli au kwa kalamu?" aliuliza.

"Kwa kalamu, Babu."

Babu aliitikia kwa kichwa taratibu, akasogeza kiti chake kumpisha, na Jenerali akapita kwenda kuwasha pasi.